Mvi za Ruth na Mdomo Wangu

Machame,
Hai, Kilimanjaro.

Jumapili, 16 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Anaeli,

Bwana Yesu asifiwe. Shikamoo yako ya kwenye simu niliipokea, marahaba sana. Vipi Masasi na joto lake? Goti la shemeji Shedrack limepoa, au bado anapanda ngazi kwa kuhesabu? Na wewe presha unaipima, au unangoja kichwa kiume ndipo ukumbuke?

Sisi huku hatujambo. Mvua zimeanza wiki hii, migomba imenyanyua shingo, na ng'ombe wetu mwekundu amezaa ndama jike. Mume wangu Ebenezeri anakohoa kila asubuhi lakini uji anaumaliza, kwa hiyo sijamweka kwenye hesabu ya wagonjwa.

Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unanikatisha nikifika penyewe. Barua huwezi kuikatisha. Naikabidhi kwa Ezra wa jirani, anayehamia kazini huko kwenu. Nimemwambia akiipoteza asirudi Machame.

Uliniuliza swali. Ulisema tangu mvi zako zitokeze mbele, mabinti wa ofisini wanakuita bibi, na yule mkuu wa idara mpya, kijana wa juzi, amekuuliza unastaafu lini. Ukataka kujua kama upake piko au uache.

Jibu langu ulikuwa unalijua kabla hujauliza. Unanijua. Ungekuwa hapa ningekuchukua Jumapili tukae wote benchi la nyuma kanisani. Mbele yetu ungeona vichwa ishirini vyeusi ti, vyeusi kuliko vya wajukuu wao, na chini yake shingo zenye mikunjo kama koti lililolala sandukuni. Likiwaka jua la Januari, jasho linateremka na rangi, na zile kola nyeupe za sare ya akina mama zinageuka vitambaa vya kushikia masufuria. Kisha wanasimama kuimba kwamba Mungu huona vya sirini. Yupo mmoja, jina silitaji, piko lilimshika hadi kwenye paji la uso. Wiki nzima alitembea kama aliyevaa kofia. Mchungaji akimsalimu alikuwa anamwangalia juu ya nyusi, maskini, na yeye anasema ni dawa ya mba.

Mimi zangu zilianza nikiwa na miaka thelathini na minane, nafundisha darasa la nne. Sikuzifunika hata siku moja. Nilikuwa nikiingia darasani na kichwa changu kama jivu, watoto wananyamaza wenyewe. Basi nikajifanya hakimu wa vichwa vya watu. Mwanamke aliyepaka nilimwona mwongo, na asiye na akili pia, kwa sababu anamdanganya nani? Umri hauko kwenye nywele tu. Uko kwenye magoti, uko kwenye namna mtu anavyoketi.

Sasa nikueleze ya mdogo wetu Ruth. Najua ulisikia vipande: kwamba aliumwa, kwamba yule mchumba alikimbia, kwamba Krismasi hakupanda. Kipande changu mimi nina hakika hukukisikia, maana hakuna aliyekijua ila sisi tuliokuwepo, na mimi sikukisema.

Unakumbuka tangu mumewe Godwin afariki, miaka sita sasa, Ruth amekaa pale Pasua, mjini Moshi, na binti yake Kindness, wanauza vitenge. Sikuwahi kumsikia akilalamika. Mwaka jana mwezi wa saba akatokea Leodegar. Huyu ni mgane wa Kibosho mwenye duka la vifaa vya ujenzi Bomang'ombe, miaka sitini na minne. Ni Mkatoliki, ila hilo halikunisumbua, nimefundisha na masista, nawajua ni watu. Kilichonisumbua ni masharubu. Meusi, Anaeli, kama yamechorwa kwa mkaa, na juu yake nyusi nyeupe pee. Nilijiuliza, mtu anayepaka nusu ya uso anafikiri wenzake wana jicho moja?

Ruth alipenda. Nilimwona anavyoitazama simu yake ikilia. Na kwa kupenda huko alimwambia Leodegar ana miaka arobaini na sita.

Wewe ulimtangulia Ruth kwa miezi mitano, mama zenu waliwanyonyesha kwa zamu, kwa hiyo hesabu unayo. Amezaliwa mwaka sabini na moja. Na Kindness ana miaka ishirini na tisa, yuko hapo dukani mbele ya macho ya kila mtu. Mwanamume anayepima nondo na mabati kutwa nzima alishindwa kutoa ishirini na tisa kwenye arobaini na sita akaona kinachobaki ni msichana wa shule! Au hakutaka kuona.

Ili arobaini na sita zisimame, Ruth alipaswa kwenda kila baada ya wiki tatu kwa Doris. Doris ana saluni yake jirani na duka la Ruth, chumba kimoja, kioo kimoja chenye ufa, na ukutani picha za wanawake warembo ambao hata mvua ya Moshi hawajawahi kuionja. Kindness ndiye aliyempeleka mama yake huko mara ya kwanza. "Mama, unajizeesha," alimwambia. Maneno ya watoto wa siku hizi. Wanadhani uzee ni kitu mtu anajifanyia kwa uzembe, kama kuacha vyombo bila kuosha.

Mwezi wa kumi na moja Ruth alipanda kunisaidia kuchuma kahawa ya mwisho. Tulikuwa mti mmoja, yeye upande ule, mimi huku. Akainama, kilemba kikasogea, nikaona nyuma ya masikio vipele vyekundu hadi shingoni.

"Hivi ni nini?" nikamwuliza.

"Piko. Linawasha kidogo. Doris anasema likiwasha ndiyo linashika."

"Doris alisomea wapi udaktari?"

Akacheka tu. Mimi sikucheka. Nikamwambia, "Ruth, unajipaka sumu kichwani ili mzee mwenye masharubu ya mkaa akuone msichana. Huoni aibu?"

Hakukasirika. Aliendelea kuchuma, nyekundu tu, kijani anaacha, kama mama alivyotufundisha. Kisha akasema, "Dada, wewe mvi zako zina mume na zina pensheni. Watu wakiziona wanasema Mwalimu. Zangu wakiziona wanasema yule mjane amekwisha."

"Basi mwambie miaka yako, tuone."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Wazee wake wakishakuja kujitambulisha. Niache niingie kwanza, dada. Nikishakaa nitamwambia mwenyewe."

Nilitoa kile kicheko changu cha puani. Unakijua, ulishalia kwa ajili yake ukiwa na miaka tisa. Ruth akahamia mti mwingine.

Siku ya wazee wa Leodegar kuja kujitambulisha ikapangwa Jumamosi, tarehe saba Desemba, nyumbani kwa kaka Eliufoo, kwa kuwa ndiye mkubwa wa boma. Ijumaa mchana Ruth akaenda kwa Doris. Doris akamletea piko jipya, akasema hili linakaa miezi miwili, halihitaji kurudia. Akalikoroga zito. Akamwacha nalo saa nzima huku anamsuka mteja mwingine. Ruth alisema linamchoma. Doris akamwambia avumilie, uzuri una gharama zake. Ningepewa nafasi ya kuandika juu ya mlango wa saluni ile, ningeandika kwamba humo ndani ujinga unapakwa kwa brashi.

Jumamosi asubuhi mimi nilikuwa jikoni kwa kaka Eliufoo, tunamenya ndizi za mtori. Mbege ilikuwa tayari, wanaume wanaionja mno kwa kisingizio cha kuikagua. Simu ikalia. Alikuwa Kindness.

"Mama mkubwa," anasema, analia, "mama hana macho."

Nilishuka Moshi na kanga ya jikoni kiunoni. Nilimkuta hospitalini. Anaeli, sijui nikuelezeje. Uso ulikuwa umevimba kama boga. Macho yalikuwa mistari miwili. Ngozi ya kichwa ilikuwa imepasuka malengelenge, maji ya manjano yanamtiririka hadi mabegani, na kooni kuna mluzi kila akivuta pumzi. Walishamchoma sindano, walishampa hewa, wakavuta pazia. Muuguzi alisema wangechelewa nusu saa nyingine koo lingefunga. Nilisimama nje ya pazia nikasali. Hapo dharau zote zilinitoka. Nasema zilinitoka, lakini hazikwenda mbali.

Mara nikamwona Leodegar anakuja kwenye korido. Kaka Eliufoo alikuwa amempigia akiwa njiani na wazee wake wawili. Alikuja mbio, suti ya kijivu, viatu vinang'aa, jasho linamtoka. Nakiri kwamba kwa dakika mbili zile nilimheshimu.

Akaja muuguzi wa mapokezi na kadi mkononi. Akauliza jina, Kindness akajibu. Akauliza anapoishi, akajibu. Akauliza umri.

"Arobaini na sita," Kindness akasema.

Sijui ni nini kilinipanda. Ninajua, ila nilijiambia sijui. "Andika ukweli, nesi," nikasema. "Amezaliwa mwezi wa tatu, mwaka elfu moja mia tisa sabini na moja. Ana hamsini na tatu. Huyu mtoto anaficha."

Muuguzi akafuta, akaandika. Kindness alinitazama kama aliyepigwa kibao.

"Hamsini na ngapi?" Leodegar akauliza.

"Tatu," nikamjibu.

Akatoa kitambaa cheupe mfukoni, akajifuta jasho juu ya mdomo. Alipokitoa, kitambaa kilikuwa na alama nyeusi, ndefu, kama kiwavi. "Mwalimu," akasema, "mimi niliambiwa vingine."

Jibu lilikuwepo, limechorwa hapo hapo kwenye kitambaa chake. Sikulitoa. Nilikuwa bado nautafuna utamu wa lile la kwanza.

Akasema anakwenda kuwaangalia wazee kwenye gari. Baada ya muda tukasikia gari linawashwa. Hakuingia nyuma ya pazia. Hakumwona Ruth hata kidogo, wala hakumwuliza daktari neno.

Nilipoingia mimi, Ruth alikuwa amelala vile vile, ile barakoa ya hewa usoni. Mkono wake ulikuwa umekunja shuka, umeikamata hasa. Nikajiambia ni maumivu.

Alilazwa siku nne. Ilibidi wamnyoe kichwa chote ili dawa ifike kwenye vidonda. Daktari alimwambia rangi ya nywele ya aina yoyote asiiguse tena maisha yake yote, maana mara ya pili inaweza kumwua. Leodegar akatuma salamu kwa kaka Eliufoo kwamba anamwombea Ruth nafuu, ila yeye alikuwa anatafuta mtu ambaye bado ana safari ndefu mbele yake. Mzee wa sitini na minne, pumzi fupi, masharubu ya kuazima, anatafuta mtu wa safari ndefu! Wanakwenda wapi? Ile mbege ilinywewa na majirani, na mtori ukaliwa kama wa msiba.

Ruth hakunipigia simu. Mimi nilipiga, Kindness akawa anapokea na kusema mama amelala. Ikafika Krismasi. Unajua Krismasi kwetu, hata aliye Dar na gari bovu atapanda. Ruth, aliye mwendo wa saa moja, hakupanda. Tulichinja mbuzi, watu walikula, na mimi nikajikuta nahesabu vichwa uani kama mwalimu aliyepoteza mtoto kwenye safari ya shule.

Mwezi uliopita Leodegar akarudi. Haya alinihadithia Kindness, ambaye alikuwapo, na ambaye hakuweza kunyamaza nayo ingawa alikuwa bado amenuna. Inasemekana huko Bomang'ombe alipata mwanamke wa miaka thelathini na minne. Walidumu hadi Januari. Siku moja yule dada alimtambulisha kwa rafiki zake, akasema huyu ni mjomba. Basi mjomba akakumbuka Pasua.

Alifika dukani asubuhi na mfuko wa maembe. Akamkuta Ruth na nywele fupi nyeupe, zimeota zote kama pamba. Akasimama anashika vitenge kimoja kimoja kama mnunuzi.

"Mama Kindness," akasema, "nimekuja tuyamalize. Mimi ule uongo nimekusamehe."

"Ahsante," Ruth akamjibu. "Nilikudanganya kweli, na nilikuwa nimepanga kukwambia. Lakini siku ile sikuwa napumua, Leodegar, nilikuwa nasikia tu. Nilikusikia unauliza miaka. Sikukusikia ukiuliza kama nitapona."

"Nilishtuka."

"Hata mimi nilishtuka. Sasa unanunua kitenge au unazibia watu njia?"

Akanunua doti moja, ya kumpa nani sijui, akaondoka. Maembe aliyaacha. Kindness anasema yalikuwa machachu.

Nilipoyasikia haya, Anaeli, nilifurahi kama ndiye mimi niliyeyasema. Kesho yake nilijitwika mkungu wa ndizi nikashuka Pasua. Nilimkuta Ruth anakunja vitenge. Nikamtazama kichwa chake kile cheupe, nikaona nimeshinda. Nikamwambia, "Sasa umekuwa mdogo wangu kweli. Zimekupendeza. Umeona nilivyokwambia?"

Hakuacha kukunja. "Usizisifie, dada. Daktari amenikataza. Angeniruhusu, leo hii ningekuwa kwa Doris."

Nikautua mkungu chini. Yeye akaendelea.

"Nikuulize. Siku ile umri wangu uliutaja kwa ajili ya matibabu?"

"Ndiyo. Hospitali hawatibu uongo."

"Sindano nilikuwa nimeshachomwa. Hewa nilikuwa nimeshapewa. Ile miaka saba ingemsaidia nini nesi?" Akaweka kitenge chini, akanitazama kwa mara ya kwanza. "Hukumwambia nesi, dada. Ulimwambia Leodegar. Ulimwambia mimi nikiwa nimelala sina macho."

Nikasema yule mtu hakuwa na maana, bora alivyojulikana mapema.

"Inawezekana," akasema. "Ningemwambia mwenyewe, pengine angeondoka vile vile. Lakini angeyasikia kutoka kwangu. Ningekuwa nimevaa, nimeketi kwangu, namwangalia. Hicho ndicho ulichonichukulia."

Ndizi hakuzirudisha, ila hakunikaribisha kukaa. Nilirudi nyumbani nikamweleza Ebenezeri, nikitegemea aniambie kwamba nilifanya haki. Akanywa uji wake hadi nusu ya kikombe, kisha akauliza, "Ulisema kwa sauti gani?"

"Ya kawaida."

"Basi wodi nzima ilisikia," akasema, akaendelea na uji.

Zilipita wiki mbili mbaya. Nilikuwa natafuta mtu wa kumdharau ili nilale vizuri. Nilianza na Doris, nikaja kwa Kindness aliyempeleka mama yake kule, nikaenda kwa Leodegar nikakaa kwake siku nyingi maana kwake kuna nafasi. Walipoisha wote, nilibaki mimi, na korido, na ile sauti yangu ya kuita mahudhurio. Ruth alidanganya kwa kuogopa kuachwa. Mimi nilisema ukweli kwa kutaka aaibike. Na nilikuwa nimemcheka pale kwenye kahawa alipokuwa ananiomba kitu kimoja tu, nimwache aseme mwenyewe.

Jumanne iliyopita nilikwenda mpakani mwa kihamba, shamba letu la nyumbani, nikakata jani la isale. Ndiyo, isale. Najua unavyoshangaa. Unajua kwetu hata aliyemwaga damu akija ameshika isale anasikilizwa. Lakini mkubwa kumpelekea mdogo wake si jambo unaloliona kila siku. Nililifunga ndani ya kanga ili majirani wasilione, na njia nzima nilikuwa naona aibu, kisha naona aibu kwa kuona aibu.

Sikwenda nyumbani kwake. Nilikuwa nimemvunjia heshima mbele za watu, basi nikaenda dukani, saa nne asubuhi, wateja wawili wapo na Doris mwenyewe kasimama mlangoni kwake anatafuna muwa. Nikalifungua jani, nikalishika kwa mikono miwili. "Ruth," nikasema, "nilikukosea. Niliitaja miaka yako ili uaibike, na ulikuwa unaumwa. Naomba unisamehe."

Wale wateja wakaangalia chini. Ruth akalitazama jani. Kisha akajifuta mikono kwenye gauni, akalipokea.

"Isale silikatai," akasema. "Lakini nina masharti."

"Sema."

"Kichwa changu usikizungumzie tena. Kikiwa cheupe, kikiwa na upara, nikivaa wigi. Hata kukisifia usikisifie."

"Nimekubali."

"La pili, umwombe Kindness radhi hapa hapa. Ulisema mbele za watu kwamba anaficha, na yeye alikuwa anashika neno la mama yake."

Kindness alikuwa nyuma, anapima kitambaa. Alipoona nageuka akasema haraka, "Mama mkubwa, yameisha, yameisha."

"Mwache aseme," Ruth akamwambia.

Nikasema. Miaka thelathini na minne nimewasimamisha watoto wa watu waombe radhi kwa sauti inayosikika hadi nyuma. Sikujua ni kazi nzito kiasi kile. Nilipomaliza, Ruth akanivutia kile kigoda cha wateja, nikaketi. Akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa. Akaja mama mmoja anataka kitenge cha msiba, nikamsaidia kukinyoosha.

Kwa hiyo, Anaeli, swali lako bado liko mezani, na mimi hakimu nimefukuzwa kazi. Paka au usipake, kichwa ni chako. Ukitaka kupaka, weka kwanza tone nyuma ya sikio, ungoje siku mbili, na likiwasha usimsikilize mtu yeyote mwenye brashi. Huyo kijana anayeuliza unastaafu lini, mtajie tarehe huku unamwangalia machoni, kisha umwulize na yeye anaanza kazi lini. Na hao mabinti wanaokuita bibi, hao nawadharau bila kuficha. Ruth hakuniwekea sharti juu yao.

Ebenezeri anakusalimu sana. Kaka Eliufoo anasema mlete shemeji Shedrack huku kwenye baridi, goti litapata akili. Kindness anakuamkia, shikamoo mama mkubwa. Ruth anakusalimu pia, anasema atakupigia mwenyewe wiki hii. Akikupigia, msikilize yeye kama ndiyo mara yako ya kwanza kuyasikia. Usimwambie kwamba mimi nimetangulia tena.

Mungu aliyewalea mama zetu akulinde wewe na nyumba yako, aingie nawe ofisini asubuhi na atoke nawe jioni.

Mimi dada yako akupendaye,

Aikaeli